Vunjajungu wa kwenye video na vunjajungu wa kwenye chupa: tujadili huu ufugaji wa mitandaoni

Mlezi wa Wadudu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kama unapita TikTok, Instagram au YouTube, umeshamwona. Kuna yule mweupe mwenye waridi kwa mbali, ametulia kwenye ua mpaka unamkosa: huyo ni Hymenopus coronatus, vunjajungu wa okidi, kwao ni Kusini-Mashariki mwa Asia. Halafu kuna lile jitu, jike lake linafika sentimita 13 hivi, linalonyanyua mikono na kwa ndani kuna nyekundu, nyeupe, bluu na nyeusi. Huyo ni Idolomantis diabolica, na kwao ni huku kwetu, Tanzania, Kenya na nchi jirani. Shuka kwenye maoni ya hizo video. Swali ni lile lile: anapatikana wapi, bei gani? Anayeuliza anakula nini au anaishi muda gani utamtafuta kwa tochi.

Mimi nafuga wa kawaida wa hapa Morogoro, wale wanaofuata taa ndani usiku mvua zikianza. Nawapenda wadudu hawa na nafurahi kwamba watu wengi sasa wanawapenda. Ila kuna kitu kinaniuma. Sehemu kubwa ya video zinazozoa laiki zinaonyesha mdudu mwenye hofu, na watu wanajifunza ufugaji humo humo.

Chukua hiyo ya Idolomantis kunyanyua mikono. Maelezo yanasema anasalimia, anacheza muziki, anajidai. Mdudu huyo ametishika. Vunjajungu akibanwa na ndege au mjusi na hana pa kukimbilia, anajitanua aonekane mkubwa, anafunua mbawa, anatoa rangi zote alizokuwa ameficha, na wapo wanaosugua mbawa zikatoa sauti ya kukwaruza. Ni kinga yake ya mwisho kabla hajaliwa. Sasa mwenye kutaka video anafanyaje? Anampulizia, anamchokoa kwa kidole, anarudia na kurudia mpaka apate pozi. Aliyetazama naye akimpata wa kwake anamchokoa, maana ndivyo alivyoonyeshwa.

Tuje kwenye macho. Kile kidoa cheusi kinachokufuata kila unapohama, ambacho watu wanaandika "ananiangalia kwa mapenzi", ni mwanga tu. Jicho lake ni mkusanyiko wa vijicho vidogo vingi, na vile vilivyokuelekea wewe vinameza mwanga, basi unaona weusi. Usiku jicho zima linaweza kuwa jeusi na mdudu hana ugonjwa wowote. Kinachotakiwa kukushtua ni alama isiyohama, ya kahawia au nyeusi, imekaa pale pale kwenye ncha ya jicho. Mara nyingi huyo amekuwa akisugua jicho kwenye plastiki angavu, siku baada ya siku, akijaribu kwenda kule anakoona ni wazi. Nimeziona alama hizo kwenye video zenye watazamaji wengi mno, na kwenye maoni hakuna anayeuliza.

Halafu kujivua gamba. Hapa ndipo wanapokufia wengi, na hapa ndipo video zinanyamaza. Vunjajungu anakua kwa kujivua gamba mara kadhaa, idadi inategemea aina na jinsia. Siku chache kabla anakataa chakula. Anapanda juu kabisa, anajishikiza kwa kucha, kichwa chini. Gamba linapasuka mgongoni, naye anaanza kuteleza kutoka ndani kwa uzito wake mwenyewe, mwili laini, miguu imelegea haina nguvu hata ya kushika uzi. Ananing'inia hivyo mpaka miguu ikaze kidogo, kisha anajikunja, anashika gamba lake la zamani na kupanda tena. Kama ni mara ya mwisho, mbawa ndipo zinajaa na kunyooka. Kazi yote hiyo inahitaji nafasi tupu chini yake, angalau mara tatu ya urefu wa mwili, na paa linaloshikika: chandarua, kijiti, gamba la mti. Akidondoka saa ile, au ukamhamisha umpige picha, au kuna nyenje umemsahau ndani, anatoka kilema au anakufa.

Sasa angalia yale maboksi madogo ya kupendeza yaliyojazwa maua ya plastiki mpaka juu. Atajinyoosha wapi?

Na maisha yenyewe ni mafupi. Aina kubwa nyingi huishi kama mwaka mmoja tangu kuanguliwa, dume hata huo haufikishi. Mtu ananunua aliyekomaa kwa kuwa ndiye mwenye sura ya video, kumbe amenunua miezi michache ya mwisho.

Nawasilisha. Karibuni.

---

Kijana_Biashara

Mleta uzi heshima kwako, ila mimi naona fursa hapo. Umesema mwenyewe kwao ni huku. Wazungu wanawataka, sisi wanatufia porini bure. Nikusanye vifuko vya mayai, nifungashe, nitume. Mdudu anataga mayai kibao, wataisha lini? Ajira zenyewe mnaziona.

---

Mlezi wa Wadudu

Mkuu, hali ya ajira naijua na wala sikubezi. Lakini hesabu hiyo ipige hadi mwisho.

Kwanza sheria. Tanzania ilizuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Juni 2022 likatoka tangazo kwamba wafanyabiashara wangepewa miezi sita kuwasafirisha nje wanyama waliobaki nao, na tangazo hilo likasitishwa upesi sana baada ya watu kulalamika. Kiumbe umemtoa porini, kabla hujagusa hata bahasha nenda TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, ukaulize. Usiniulize mimi wala anayekushawishi kwenye ujumbe wa faragha.

Pili, Naivasha. Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa huko na malkia wa sisimizi wapatao 5,000, kila mmoja kwenye kijimrija chenye pamba. Tarehe 7 Mei mahakama ikawapiga faini ya shilingi milioni moja ya Kenya kila mmoja, au jela miezi 12. Sisimizi, mkuu. Ufugaji wa sisimizi nao umekuzwa na video hizi hizi.

Tatu, hata ukiiweka sheria pembeni, biashara yenyewe haina ya kesho. Mnunuzi anayejua kazi hahitaji kununua kwako kila mwezi. Kifuko kimoja kikianguliwa, watoto wakakomaa na kupandishwa, ana kizazi chake na anauza yeye. Wewe umepata nauli ya mara moja. Yule asiyejua kazi ndiye atakayerudi kwako kila mara, kwa sababu kila ulichomtumia kimekufa. Idolomantis ni wa kutaabisha hasa: anataka joto kali, wadudu wanaoruka kama inzi na nondo, na wafugaji wazoefu wanaogopa kumpa nyenje. Ukimlenga mteja wa video, chakula chako wewe kinategemea vifo.

Na kutaga mayai mengi kusikudanganye. Wanataga mengi kwa sababu karibu wote wanaliwa wakiwa wadogo. Ukiondoa majike yaliyokomaa kwenye kichaka kimoja, umeondoa wale wachache waliovuka.

---

Nakuru Mjini

Hiyo kesi tuliifuatilia sana huku. Watu wengi walishangaa kwa sababu tumezoea kesi za pembe za ndovu na faru. Shirika la Wanyamapori, KWS, lilisema wazi kwamba huu ni wizi wa rasilimali za kibaolojia, na kwamba wahalifu sasa wanageukia viumbe wadogo wasiojulikana sana. Kulikuwa na kesi nyingine sambamba, Mkenya mmoja na raia wa Vietnam, wao walikuwa na sisimizi mia nne hivi. Kumbuka anayeokota shambani ni mwenyeji, na akishikwa hana wakili wa kutoka Ulaya.

---

Ughaibuni_Rhine

Salaam kutoka Ujerumani. Niongeze upande wa huku, maana picha si mbaya yote.

Kuna soko kubwa la wanyama wa kufugwa kwenye vioo mjini Hamm, linaitwa Terraristika. Nimefika. Vunjajungu wanauzwa kwenye vikopo vidogo, kila mmoja peke yake, na wengi wa aina maarufu wamezaliwa mikononi mwa wafugaji. Wazee wa kazi hii wanafuga kwa utaratibu kabisa: wanaandika tarehe ya kila kujivua gamba, wanabadilishana wadudu wasio wa ukoo mmoja ili kizazi kisidhoofike. Sehemu ya maarifa hayo imesambaa kwa sababu ya video, lazima tukubali. Mtu wa kijijini kabisa leo anaweza kujifunza kwa simu kuzalisha inzi wa matunda wa kuwalisha.

Shida niliyoiona ni hii. Mteja mpya anakuja akiwa na picha kwenye simu, anataka wa okidi, mweupe na waridi. Muuzaji anamwonyesha mtoto aliyeanguliwa juzi: mwekundu na mweusi, mdogo kama mbu. Mteja anahisi anatapeliwa. Hajui kwamba ndivyo wanavyozaliwa, na weupe unakuja baada ya kujivua gamba mara ya kwanza. Wala hajui kwamba ule waridi unapungua na kuongezeka kufuatana na mwanga na unyevu, huwezi kumwagiza kwa rangi kama gari.

Kingine ni "jozi". Wauzaji wa mtandaoni wanatangaza dume na jike wa kifuko kimoja. Dume wa okidi ana sentimita tatu hivi, jike anafika sita au saba, na dume anakomaa mapema sana. Wakiwa wa tumbo moja na wakalelewa sawasawa, dume atakuwa ameshakufa kabla jike hajawa tayari. Mfugaji anayejua anamlea dume kwenye baridi kidogo, chakula kidogo, ili amcheleweshe, au anatafuta dume wa kifuko cha baadaye. Anayeuza jozi bila kueleza hilo anachukua pesa mara mbili.

Halafu jambo linalowashangaza wengi: vunjajungu wa asili ya huku, Mantis religiosa, analindwa kisheria Ujerumani. Mwaka 2017 ndiye aliyechaguliwa Mdudu wa Mwaka. Huruhusiwi kumkamata bustanini ukamfuge. Kwa hiyo wanaopenda wanafuga wa nchi za mbali, na hapo ndipo macho yanageukia Afrika na Asia.

---

Mlezi wa Wadudu

Asante sana kwa hilo la jozi. Huyo muuzaji hana sababu ya kunyamaza, kwa sababu kila aliyewahi kuwazalisha analijua.

---

MamaKhadija_Tabata

Kaka, mimi si mfugaji. Mwanangu wa miaka tisa amekamata mmoja wa kijani kwenye mchungwa, amemweka kwenye chupa ya jemu. Kila saa anamtoa apigwe video apeleke kwa binamu zake. Bibi yake anamkataza hata kumshika, anasema nyumbani vitavunjika vyungu. Nimwambie amwachie au? Analia.

---

Mlezi wa Wadudu

Mama Khadija, bibi anahifadhi kwa njia yake na naomba umheshimu hapo. Imani hiyo imewaokoa wengi mikononi mwa watoto. Lakini mtoto anayelia kwa ajili ya mdudu pia ni wa kulea vizuri, kwa hiyo tufanye hivi.

Chupa ya jemu haifai. Tafuta ndoo ndogo ya plastiki au dumu la maji lililokatwa juu, funika kwa kipande cha chandarua, funga kwa mpira. Chandarua ndiyo paa lake la kushika. Weka kijiti kimoja cha mshazari, chini weka tishu au udongo mkavu kidogo, basi. Usijaze majani. Nafasi ya katikati iachwe tupu kwa sababu niliyoieleza juu. Iwe mmoja tu, maana wakiwa wawili mmoja atamla mwenzake.

Maji: asubuhi mnyunyizie ukungu kidogo kwenye chandarua, atakunywa matone. Msimlowanishe mpaka chini kuwe na dimbwi.

Chakula: inzi, nondo, panzi mdogo, visizidi ukubwa wa kichwa chake na nusu ya kifua hivi. Msiokote kutoka nyumba iliyopigwa dawa ya mbu au mende, wala shamba lililopuliziwa. Sumu iliyo kwenye inzi inamfikia yeye. Tumbo likionekana limejaa, mwacheni siku moja au mbili. Likiwa bapa, ana njaa. Kijana wako ajifunze kulisoma tumbo, atajua kuliko wengi wanaonunua.

Kumshika: mara moja kwa siku inatosha, tena asimkamate. Aweke kiganja mbele yake na kumgusa kwa nyuma taratibu, apande mwenyewe. Akigoma kula na yupo juu kichwa chini, hakuna kumgusa, hakuna video, hakuna kutikisa ndoo, mpaka ajivue gamba na kupita siku nzima. Mwambie akae mbali kidogo atazame tu. Nina hakika hilo atalisimulia kuliko video zote.

Akishatosheka, amrudishe kwenye mchungwa ule ule. Huyo ni wa hapo hapo, hana kosa kurudi kwao.

---

Kipepeo Mweusi

Hapo kwenye kurudisha tuweke msisitizo: wa hapo hapo tu. Aliyetoka nchi nyingine akiachiwa ni balaa. New Zealand walimpata Miomantis caffra wa Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1970, na utafiti wa 2013 ulionyesha kwamba madume wa kienyeji wa huko wanavutwa na harufu ya majike ya kigeni kuliko ya majike yao. Wanakwenda wakidhani wanaoa, wanaliwa.

Swali langu ni kuhusu zile video za vunjajungu kula ndege. Ni kweli au wametengeneza?

---

Mlezi wa Wadudu

Kumla ndege ni kweli kabisa. Watafiti walikusanya matukio 147 kutoka nchi 13 na kuchapisha mwaka 2017. Zaidi ya asilimia 70 yalikuwa Marekani, na wengi walioliwa ni ndege wavumaji, wale wadogo wanaokunywa nekta, waliokamatwa kwenye vyombo vya maji ya sukari ambavyo watu huvitundika bustanini. Baadhi ya vunjajungu hao ni wa Kichina, Tenodera sinensis, ambao walifika Marekani mwaka 1896 na mpaka leo vifuko vyao vinauzwa kwa wenye bustani.

Ila tukio la porini ni kitu kimoja, na mtu kumfungia mjusi au mtoto wa panya pamoja na vunjajungu mbele ya kamera ni kitu kingine. Mdudu huyu analiwa vizuri na kunona kwa wadudu wenzake, hahitaji panya. Mjusi anatafunwa akiwa hai, taratibu, kuanzia popote alipokamatwa. Vunjajungu naye anaweza kung'atwa akapoteza mguu. Anayenufaika ni mwenye akaunti peke yake. Video za namna hiyo mimi naziripoti na nawaomba na ninyi mziripoti, wala msiandike chini yake hata matusi, kwa sababu maoni yoyote yanaisukuma ionekane zaidi.

---

Ughaibuni_Rhine

Mkuu, "analiwa vizuri kwa wadudu wenzake" nadhani ulitaka kusema analishwa.

---

Mlezi wa Wadudu

Analishwa, ndiyo. Asante.

---

Piga_Picha_Dodoma

Wakuu mimi napiga picha za wadudu na nina ukurasa wenye wafuasi wa kutosha. Nimesoma uzi wote. Sasa mnataka tuache? Maana hata ile picha ya vunjajungu aliyevalishwa vimiwani ilizunguka dunia nzima na ilikuwa ya sayansi.

---

Mlezi wa Wadudu

Msiache. Nitahuzunika mkiacha.

Na huo mfano wa vimiwani ni mzuri. Ilikuwa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, timu ya Jenny Read. Walibandika vimiwani kwa nta ya nyuki, wakamwonyesha mdudu picha kwenye skrini, na wakathibitisha kwamba anapima umbali kwa kulinganisha anachokiona jicho la kulia na la kushoto. Aliyeona picha ile akasoma maelezo yake alitoka na kitu kipya kuhusu mdudu.

Kwenye ukurasa wako una mambo mengi ambayo hayahitaji kumchokoa. Piga anavyosafisha miguu ya mbele kwa mdomo, mwiba mmoja baada ya mwingine, kisha anapitisha mkono juu ya jicho kama paka. Piga anavyoyumba pembeni na pembeni kabla ya kuruka, hapo anapima umbali. Piga jike akitaga: anatoa povu, analizungusha kwa ncha ya tumbo bila hata kugeuka kuangalia, na povu linakauka kuwa kifuko. Kujivua gamba pia, mradi simu iwe kwenye kishikilio kabla hajaanza, mwanga usiwe wa moto, na wewe ukae mbali. Akifa mikononi mwako, sema amekufa na sema alikuwa na umri gani, ili wafuasi wajue maisha yake yana urefu gani.

Usimweke kwenye friji ili atulie, najua kuna wapiga picha wanafanya hivyo. Akikunyanyulia mikono, zima kamera, rudi nyuma, mwache ashushe.

Na ukikutana na Idolomantis porini, piga uwezavyo bila kumtoa kwenye kichaka. Ukipandisha picha, andika nchi, ishia hapo. Usitaje kijiji, usitaje barabara, na ondoa eneo lililojiandika kwenye picha yenyewe. Utaletewa ujumbe wa faragha na watu wapole sana wanaouliza ni wapi hasa, wengine watasema ni wanafunzi. Usiwajibu hilo.

---

Piga_Picha_Dodoma

Nimekupata mkuu. Nina mbili tayari zenye eneo, naenda kuziondoa sasa hivi.